Sitari kwa Wiki Moja

Jumatatu, 6 Oktoba
Nimefukuzwa! Si rasmi. Mama Fébronie, kiongozi wa kwaya yetu hapa Hagsätra, mtaa wa Waswidi, amesema tu kwamba Jumapili, kwenye sherehe ya miaka ishirini ya kanisa, nipumzike. Kinanda kipya cha Japhet, mpiga kinanda wetu, kina kitufe kinachotoa sauti ya gitaa. Kitufe! Miaka kumi na tisa napiga sebene, ile sehemu ya mwisho ambapo gitaa linakimbia na kanisa zima linacheza, leo nafasi yangu inachukuliwa na kitufe. Nimelia bafuni. Denise, mke wangu, kabisha mlango akiuliza kama naumwa. Nikamwambia ni sabuni.

Jumanne, 7 Oktoba
Dawa ya Japhet imepatikana. Sitari! Ala ya Wahindi, shingo ndefu, tumbo la kibuyu. Kinanda chake nacho kina kitufe cha sitari, nimekijaribu kwa siri. Kinalia kama mbu.
Kuna Mswidi mtaa wa Vällingby anafundisha. Dereva mstaafu wa treni, alijifunza Kolkata, kwa Wahindi wenyewe, miaka kumi na miwili. Eti nimwite Sune tu. Mzee wa mvi zote zile! Nimemwita Papa Sune, akaona haya. Kanuni zake: viatu mlangoni, sitari hairukwi kwa mguu, na hupigi mbele za watu mpaka yeye aseme. Nikauliza lini. Akasema mtu wa bidii, miaka miwili. Nikaapa kwamba nataka kutuliza roho tu. Akanikopesha sitari yake ya zamani, hata karatasi sikusaini. Niliona aibu sana. Treni ya kurudi ilipofika kituo cha pili, ikaisha.

Jumatano, 8 Oktoba
Saa nzima, sauti moja! Papa Sune anasema sauti moja ni nyumba, ujue kwanza kukaa ndani ndipo ualike wageni. Na kukaa kwenyewe ni chini, mguu juu ya mguu. Kidole kinavalishwa waya. Kinauma!
Lakini chini ya nyuzi kuna nyuzi nyingine kumi na tatu. Huzigusi. Zinaitikia zenyewe. Nilimkumbuka mama, kwetu Uvira, akiimba jikoni, nasi watoto tukiitikia uani bila kuambiwa.
Denise ameuliza kama kibuyu ni cha maziwa.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimempigia Mama Fébronie, nikamwambia nimesomea sitari. Akauliza wapi. Nikasema njia ya Kolkata. Si uongo, ni ufupisho. Akakubali: Jumapili nipige sebene kwa sitari, Japhet anisindikize. Anisindikize! Japhet kasema Wahindi hawana sebene. Wapi! Atanitambua.
Tatizo moja dogo. Nikikaa vile, baada ya dakika kumi miguu inakufa ganzi.

Jumapili, 12 Oktoba
Yesu wangu.
Nilikaa kwenye mkeka, pekupeku. Nikaanza. Ikatoka! Sebene yenyewe, na zile nyuzi za chini zikiitikia. Vigelegele! Mama Fébronie akatupa kitambaa juu. Hapo nikamwona Papa Sune, safu ya nyuma. Denise alikuwa amemwalika, eti ni adabu kumshukuru mwalimu.
Sebene ikapanda, kwaya ikaruka, nami nikasimama. Miaka kumi na tisa sijawahi kupiga sebene nimekaa, nani anakaa? Kumbe miguu ilishakufa. Nikaanguka. Sitari nikainyanyua juu kama mtoto wa ubatizo, haikuguswa hata kidogo. Mimi nilitua kwenye kinanda cha Japhet. Waya ukang'oka, kikazima.
Papa Sune akaja mbele, soksi tu, viatu kaacha mlangoni. Nikafumba macho nisubiri kugombezwa. Akaichukua sitari, akaketi, akapiga ile sauti moja. Moja tu. Nilitamani ardhi inimeze.
Kisha nikahisi kitu mapajani. Gitaa langu. Japhet mwenyewe alikuwa amelitoa stoo. Tukapiga, mzee sauti yake, mimi zangu, Japhet makofi. Mabibi walicheza mpaka viti vikasogezwa ukutani. Nililia tena, na safari hii sikusingizia sabuni.
Mama Fébronie katangaza: gitaa linarudi.

Jumatatu, 13 Oktoba
Nimeirudisha sitari, nikaomba radhi. Papa Sune alicheka, kisha akaniomba nimfundishe sebene. Nikamwambia mtu wa bidii, miaka miwili. Aanze na sauti moja.
Denise anasema nimshukuru Mungu, nafasi yangu nimeipata, nitulie. Nitulie vipi? Kanisa zima linamsifu Japhet, eti ana moyo wa dhahabu, kaleta gitaa. Hata Mama Fébronie!
Lakini Papa Sune amenionyesha ala ya Waswidi wenyewe, nyckelharpa. Nayo ina nyuzi za chini zinazoitikia. Na inavaliwa begani kwa mkanda. Inapigwa umesimama!
Krismasi bado wiki kumi. Mimi moja inanitosha.