Daraja Langu na Mbio za Jongoo

Jumatatu, 3 Machi

Daraja limekwisha! Msumari wa mwisho nimeupigilia alasiri hii, pamoja na kidole kimoja. Miezi mitatu nimelijenga juu ya meza ya kulia chakula, na familia imekula na sahani magotini kama abiria. Mke wangu kauliza kama sasa atarudishiwa meza yake. Nikamwambia historia haina haraka. Akasema njaa inayo.

Jioni, mkutano wa klabu. Sisi ni watu wazima saba wenye akili timamu, kwa kauli yetu wenyewe, na tunaendesha treni ndogo za mvuke wa kweli. Maji yanachemka kweli, moto unaunguza kweli, ila injini unaweza kuibeba kwapani. Reli zetu zinazunguka bustani ya Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, ambaye filimbi yake haijastaafu. Akatangaza kwamba daraja litafunguliwa Jumamosi. Nikasimama, nikakohoa, tayari kupokea heshima ya kuvuka wa kwanza. Akaniambia nikae.

Heshima itashindaniwa! Mbio za jongoo! Kila mtu na injini yake na behewa moja. Unafungua koki ya mvuke kituoni, kisha mikono mgongoni, hakuna kugusa tena. Injini itakayochukua muda mrefu zaidi kufika mguu wa daraja, bila kusimama hata mara moja, ndiyo itakayokata utepe.

Daktari wa Meno, mwenzetu klabuni, akapiga makofi. Asipige kwa nini? Injini yake, Zumaridi, aliinunua imekamilika, ya kijani, inang'aa, inatembea kama bibi harusi. Yangu nimeiunda kwa mikono yangu na inajua mwendo wa aina mbili tu: kulala na kukimbia.

Zumaridi iwe ya kwanza juu ya daraja langu? Labda niwe nimelazwa chini yake.

Jumanne, 4 Machi

Mazoezi bustanini. Nafungua koki kidogo: injini inasimama. Naongeza unywele mmoja: imeshatoroka. Imevunja chungu cha maua cha Mwenyekiti. Filimbi.

Daktari wa Meno akaja kunishauri, kwa sauti ileile anayotumia kabla ya kung'oa. Polepole, ndugu yangu, kidogo tu, haitauma. Akaongeza kuwa nafungua koki kama mtu anayefungulia mbuzi. Wote wakacheka. Nami nikacheka, kwa meno ya mbele tu.

Nikiwa naoga, wazo likanishukia! Hamali asiye na mzigo hukimbia. Mtwishe gunia, atatembea. Basi dawa si kubana mvuke. Mvuke nifungue wote, mzigo uwe wa kutisha! Sheria inasema behewa moja. Kilichomo ndani ya behewa hakuna aliyeuliza. Nimetoka bafuni na sabuni masikioni.

Jumatano, 5 Machi

Nilipita dukani kwa shemeji, kaka wa mke wangu, anayeuza maharage na misumari kwa mizani. Nikaomba mshumaa ulio rafu ya juu kabisa. Mshumaa siuhitaji. Alipopanda kigoda na kunipa kisogo, jiwe la mizani la kilo mbili likaingia mfukoni mwa koti langu. Sijaiba! Nitalirudisha Jumapili. Nimetembea hadi nyumbani bega moja chini, na jirani kaniuliza kama mgongo umerudia tena.

Limeingia ndani ya behewa kama lilizaliwa humo. Tatizo dogo: kulabu ya zamani, inayoshikisha behewa kwenye injini, imenyooka papo hapo. Nimetengeneza mpya kwa pini ya nywele ya mke wangu. Nzuri ajabu! Mwenyewe kaiangalia, akasema pini hiyo imeshindwa kushika nywele, na nywele hazina mvuke. Hajasomea mitambo. Mimi pia sijasomea, lakini nina moyo.

Alhamisi, 6 Machi

IMEFAULU! Nimetandika reli kwenye ujia, kutoka chumbani hadi jikoni. Koki wazi kabisa, moto unanguruma, valvu ya usalama inapiga mluzi, na injini inatambaa! Inahema, inatetemeka, inatambaa! Nimetembea kando yake kwa magoti, machozi yananitoka. Kwa sababu ya mvuke.

Hitilafu moja. Pazia la jikoni lilishika moto kidogo. Mimi kazi yangu ni kukagua vizimamoto vya maofisi. Nikakimbilia chetu cha nyumbani: kimekufa zamani, na saini kwenye lebo ni yangu. Mke wangu akazima kwa maji ya kuoshea vyombo. Kisha akasema hana neno na mke mwenziwe kulala ndani, kupakwa mafuta kila jioni na kupigwa picha, ila angalau naye aoshe vyombo.

Ijumaa, 7 Machi

Shemeji kaja, amenyong'onyea. Jiwe lake la kilo mbili limepotea! Anapima kwa mawe madogo madogo na wateja wanamwona mwizi. Nikatikisa kichwa na kusema watu wa siku hizi hawana haya. Nikamwongezea chai.

Akasema kesho atakuja kutazama treni, apunguze mawazo. Nikamwambia kesho kuna mvua kubwa. Mke wangu akasema redio imesema jua. Kisha akamwambia aje mapema apate kiti cha mbele. Wakati mwingine sijui yuko upande wa nani.

Jumamosi, 8 Machi

Naandika nikiwa na soksi mbichi. Nitaeleza kwa utaratibu.

Jua kali. Bustani imejaa jamaa na majirani. Daraja langu limewekwa kwenye reli kule juu ya mwinuko, utepe mwekundu katikati. Shemeji kiti cha mbele, kando ya kituo.

Watano wa kwanza walisimama njiani au walikimbia mno. Kisha Zumaridi. Sikubali kirahisi, lakini ilipendeza. Konokono aliyekuwa ukingoni aliipita. Dakika nne na ushei! Makofi. Daktari wa Meno akainama kidogo kama mtu aliyeokoa jino.

Zamu yangu. Koki wazi yote. Mikono mgongoni. Injini ikanguruma kama inakwenda kubomoa ukuta... na ikatambaa! Dakika mbili. Tatu. Daktari wa Meno akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Nne! Mwenyekiti akaitikisa saa yake akidhani imeharibika. Ilibaki kipande cha mwisho cha mwinuko, hatua moja ya mtu mzima. Nilikuwa nimeshaanza kutunga hotuba.

Ndipo nikaiona pini. Ilikuwa inafunguka. Taratibu, kwa adabu, kama mdomo wa mgonjwa mbele ya Daktari. Nikanyoosha mkono. Filimbi! Mikono mgongoni!

Ting!

Behewa likabaki. Injini, Mungu wangu! Sijawahi kuona kitu changu kikienda kasi namna ile. Ikapanda daraja, ikachana utepe, ikauvaa kwenye bomba la moshi kama kilemba, ikashuka upande wa pili, ikafika kwenye kona na kuikataa. Ikaruka. Ikatua ndani ya kidimbwi cha samaki cha Mwenyekiti. Chwaaaa! Wingu la mvuke. Chura mmoja akahama.

Daraja halikutikisika. Naomba hilo lijulikane.

Wakati huo behewa lilikuwa linarudi nyuma, polepole kwanza, kisha si polepole, hadi kituoni, likagonga kiatu cha shemeji. Akainama kulinyanyua kwa mkono mmoja. Likagoma. Akatumia miwili. Akafungua mlango wake mdogo, akachungulia. Akalitazama jiwe kwa muda ambao ungeshinda mbio zote za siku hiyo.

“Shemeji,” akasema, “hili si la kwangu?”

Nikamweleza kuwa nilikuwa nalihakiki uzito, kwa faida yake. Mke wangu alikuwa amejifunika uso kwa khanga, mabega yanacheka.

Daktari wa Meno alikunja suruali, akaingia kidimbwini, akaitoa injini yangu, akaiinamisha maji yatoke, akiipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa. Mwenyekiti akatangaza nimefutwa mashindanoni kwa kuacha behewa njiani, na Zumaridi itavuka kwanza. Daktari akasema, kwa upole wake ule wa kuudhi, kwamba haiwezekani. Daraja limeshavukwa. Utepe huu hapa. Wa kwanza ni wa kwanza.

Mwenyekiti akapiga filimbi.

Kwa hiyo injini yangu ndiyo ya KWANZA kulivuka daraja langu! Zumaridi ya pili! Nilimfuata Daktari kidimbwini, nikamkumbatia, na wote wawili tukalowa.

Jumapili, 9 Machi

Chakula cha mchana mezani! Meza imerudi. Shemeji kaja na jiwe lake, akaliweka kando ya sahani, akala akinitazama.

Daktari wa Meno kapita na zawadi. Kulabu ya chuma cha pua, kaichonga mwenyewe kutokana na koleo lake bovu la kung'olea. Anasema hata ng'ombe akining'inia hapo haifunguki. Akanipa habari: mwezi ujao tena mbio za jongoo, na mshindi atapita wa kwanza kwenye handaki jipya. Handaki analijenga yeye! Akanipigapiga bega. Polepole, ndugu yangu.

Maskini! Hajui alichonipa! Nimefikiri kutwa nzima na nimeelewa kosa langu lilikuwa wapi. Mpango ulikuwa safi kabisa. Ni pini tu.

Mke wangu kazifungia pini zake zote kabatini na ufunguo kauvaa shingoni. Sizihitaji tena!

Shemeji alipokuwa anavaa viatu aondoke, nilimsindikiza hadi mlangoni. Nikamuuliza, kwa kupiga soga tu, kama lile jiwe lake la kilo tano analitumia sana.