Shikamoo, Mfumo

Serikali ina furaha kuwatangazia wananchi wote, wakubwa kwa wadogo, kwamba mtandao wake sasa una adabu. Haya nayajua kwa undani kwa sababu mimi ndiye Afisa Mwandamizi wa Salamu katika Idara ya Huduma za Mtandaoni, na cheo hiki sikukiokota.

Tulianza na utafiti, kama inavyotakiwa. Watu wawili walitumwa mitaani wakae na wananchi, wawaangalie wakiomba vibali kwa simu. Wakarudi na ripoti ya kurasa mbili. Maandishi madogo kama mayai ya chawa. Fomu ina kurasa kumi na tisa. Kitufe cha kutuma kimejificha chini kabisa, na rangi yake ni ileile ya ukurasa. Asiyeona vizuri hana pa kushika.

Tuliisoma kwa makini, tukaikataa. Mkurugenzi wetu aliliona tatizo lenyewe papo hapo.

"Mtu anaingia kwenye mtandao wa serikali kama anaingia chooni," alisema. "Hodi hakuna, salamu hakuna, moja kwa moja namba ya kitambulisho. Lazima akwame."

Kamati ilikaa hotelini siku tatu. Ikaamua kwa kauli moja kwamba hakuna ombi litakalopokelewa bila shikamoo. Na kwa kuwajali wasioona na wasiosoma, shikamoo iwe ya sauti. Mwananchi anatamka, mfumo unaitikia "Marahaba," halafu kurasa kumi na tisa zinafunguka kama kawaida.

Wiki ya kwanza akapiga simu bibi mmoja wa miaka themanini na nne.

"Huo mfumo wenu umezaliwa lini?"

"Mwezi wa tatu, bibi."

"Halafu mimi ndiye niuamkie?"

Akakata.

Swali lilikuwa zito, kamati ikarudi hotelini. Siku ya nne Mkurugenzi akatoa busara: mfumo hauna umri, una mkubwa wake, na mkubwa wake ni yeye. Basi ichukuliwe tarehe yake ya kuzaliwa kutoka kwenye faili la utumishi. Aliye mdogo kwake ataamkia. Aliye mkubwa kwake ataamkiwa na Mkurugenzi mwenyewe, kwa sauti yake, kwenye kompyuta ya mapokezi.

"Si turekodi mara moja tu, bosi?" fundi wa mfumo aliuliza.

"Salamu ya kurekodi ni kiporo. Kwani wakubwa zangu wamebaki wangapi?"

Fundi alimtazama kidogo. "Na tarehe niweke ya kwenye faili?"

"Mimi na faili ni kitu kimoja," alisema Mkurugenzi.

Ijumaa iliyofuata, saa tano na nusu asubuhi, mapokezi yalikuwa na watu kama thelathini waliokuja kupanga foleni ya huduma za mtandaoni. Akaingia fundi cherehani, mama mwenye futi ya kupimia shingoni, akanijia mimi moja kwa moja.

"Kibali cha kibanda changu kinaisha leo saa sita," alisema. "Askari wa manispaa ameshafika na kufuli. Amekaa kwenye benchi langu mwenyewe, anaangalia saa. Ndani kuna sare za watoto arobaini, Jumatatu shule zinafunguliwa."

"Umeamkia?"

"Tangu Jumanne. Nimeamkia mpaka majirani wakaanza kuitikia. Kila nikisema, mfumo unaniambia, 'Wewe ni mkubwa. Tulia uamkiwe.'"

"Hongera, mama. Hiyo ni heshima."

"Heshima haishoni kifungo. Nani ananiamkia?"

Kabla sijajibu, huku naingiza namba ya kitambulisho chake kwenye kompyuta ya mapokezi, Mkurugenzi akateremka ngazi. Mama akageuka.

"Kaka, shikamoo."

"Marahaba," alisema Mkurugenzi, bila kufikiri.

Kompyuta ikasikia. Kwa kuwa ni rafiki kwa wasioona, ikasema kwa sauti ya kufika hadi getini: "Salamu imekosewa. Mkurugenzi, mwamkie mkubwa wako."

Foleni yote ikageuka.

"Mkubwa wa nani?" mama aliuliza. "Si ndiye kaka yangu wa tumbo moja, aliyeniachia ziwa? Sasa kama mimi ndiye mkubwa, ziwa nilimwachia nani?"

"Mfumo una kosa," alisema Mkurugenzi.

Mimi ni mtumishi mwaminifu. Niligeuza skrini ili wananchi waone. Mwombaji, miaka hamsini na tisa. Mkurugenzi, hamsini na tatu.

"Hauna kosa, mheshimiwa. Umesoma faili lako."

Foleni ikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Umempita miaka mingapi, dada?" fundi viatu mmoja kwenye foleni aliuliza.

"Yeye ndiye kanipita. Mitatu."

"Basi sitini na miwili. Si watu wanastaafu sitini?"

"Wanastaafu wengine," mtu akamjibu kutoka nyuma.

Fundi wa mfumo akachungulia dirishani mwake. "Bosi, naweza kurekebisha tarehe sasa hivi. Dakika moja tu."

"Usiguse kitu," alisema Mkurugenzi.

Ilikuwa saa sita kasoro kumi. Mama akaitazama saa ya ukutani, kisha akamtazama kaka yake.

"Kaka, ama uzeeke, ama uniamkie. Kwangu vyote sawa. Yule wa kufuli hanisubiri."

Mkurugenzi akainama kwenye kipaza sauti, akanong'ona.

"Haijasikika," ilisema kompyuta. "Tafadhali amkia kwa heshima."

"Shikamoo."

"Taja unayemwamkia."

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," alijibu fundi cherehani. Kisha, kwa kuwa ana moyo mzuri, akaongeza, "Umekua kweli."

Kwa kuwa kibali kilikuwa cha kuhuishwa tu, kurasa kumi na tisa zilifunguka zikiwa zimeshajazwa tangu mwaka jana, na mashine ikakitema. Akakinyakua, akatoka mbio na futi inapepea mgongoni. Saa sita kasoro dakika sita. Kibanda ni mtaa wa pili, na anajua kukimbia.

Mkurugenzi akakung'uta koti, akageukia ngazi. Lakini foleni ilikuwa imeshajipanga upya bila kuambiwa na afisa yeyote, jambo ambalo idara yetu imeshindwa miaka yote. Wenye miaka hamsini na minne na kuendelea walikuwa mbele. Wa kwanza kabisa alikuwa mlinzi wa getini, miaka hamsini na sita, kofia mkononi.

"Na wewe una ombi gani?" Mkurugenzi alimuuliza.

"Sina ombi, bosi," alisema mlinzi, akasogeza kipaza sauti kati yao. "Nimekuja kuamkiwa tu."