Maoni Yangu Mawili Kuhusu Tozo ya Memori Kadi

Jumatatu, 4 Machi

Habari mbaya asubuhi na mapema. Redio imetangaza kwamba serikali inafikiria kuweka tozo kwenye kila CD tupu, kila flashi, kila memori kadi, hata simu. Sababu? Eti watu wananakili nyimbo bila kuwalipa wanamuziki. Fedha hizo zitakusanywa, kisha wagawiwe wanamuziki wenye nyimbo zilizosajiliwa. Ijumaa kamati inakuja ukumbi wa mji kusikiliza maoni ya wananchi.

Nilipaliwa na chai. Mimi nauza nini? CD tupu, flashi, memori kadi. Na mteja akitaka nimjazie nyimbo, namjazia. Wote wanataka!

Mke wangu alikuwa kwenye cherehani anapunguza suruali ya mtu. Akaniuliza, bila kuinua macho, kama wenye hizo nyimbo huwa nawapa chochote. Nikamwambia asichanganye mambo. Mimi natoa huduma. Kinyozi anamlipa mwenye kichwa?

Akasema hapana, ila kinyozi hakati nywele za mtu ambaye hayupo.

Sikuona uhusiano.

Mchana wenye maduka wa jengo letu tulikutana kwenye korido. Tunataka msemaji wa kutuwakilisha Ijumaa. Skrubu, yule fundi simu wa mlango unaotazamana na wangu, alinyoosha mkono kabla swali halijaisha. Hana haya. Miaka tisa tunatazamana na bado ananisalimia kwa bisibisi. Nikapanda juu ya stuli nikanyoosha wangu. Nimeshinda kwa kura moja, ya mpiga picha, ambaye baadaye alisema alidhani tunapiga kura ya kufunga kikao.

Kura ni kura. Msemaji! Mimi!

Jumanne, 5 Machi

Nimeandika hotuba. Hoja yangu ni moja na haivunjiki: memori kadi ni za picha za harusi. Nyimbo hatuzijui.

Jioni akaja shemeji, kaka yake mke wangu. Ni mpiga gitaa. Zamani bendi yake ilijaza kumbi, siku hizi inajaza pembe moja ya ukumbi, na nusu ya waliomo ni wahudumu. Alikaa, akanywa maji, akasema ghala la saruji limempa kazi ya kuhesabu mifuko. Jumamosi anatakiwa kujibu. Akikubali, gitaa basi, maana kazi ni siku saba.

Mke wangu aliacha kushona. Hajawahi kuacha kushona hata umeme unapokatika.

Nikamtia moyo shemeji. Nikamwambia saruji ni kitu cha kudumu. Wakanitazama wote wawili kwa macho ya aina moja.

Akasema kazi ataikubali, lakini Ijumaa atakuja ukumbini kusikiliza habari za tozo, angalau aone mwisho wake. Nikauliza kwa upole sana hizo fedha hasa anapewa nani. Akasema mwanamuziki yeyote, ilimradi wimbo wake umesajiliwa kwenye chama chao. Hata aliyetoa mmoja.

Hata aliyetoa mmoja!

Jumatano, 6 Machi

Ninao mmoja. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kiuno chembamba, nikarekodi "Moyo Wangu Pasi ya Mkaa". Kanda kumi na moja zilinunuliwa. Marehemu mama alinunua saba.

Sasa tazama akili hii. Tozo isipopita, biashara yangu iko salama. Tozo ikipita, nagawiwa kama mwanamuziki. Napata huku, napata kule. Mtu wa kawaida angeona tatizo. Mimi nimeona milango miwili, yote yangu.

Nikafunga duka saa nne nikaenda ofisi ya chama cha wanamuziki. Katibu ni mama mmoja mnene, mwimbaji wa zamani, sauti yake inatikisa vikombe. Akataka kusikia wimbo. Kanda sina. Nikauimba nimesimama, mikono nyuma. Ulipofika ubeti wa pili akasema inatosha, amenisajili.

Halafu ikatokea bahati yenyewe. Alikuwa na orodha ya watakaosema Ijumaa kwa upande wa wanamuziki, na wengi wanaogopa kipaza sauti wakiwa hawana ngoma nyuma yao. Akaniomba. Ningemkataliaje mama wa watu?

Narudi kwenye korido, Skrubu ananiuliza nilikuwa wapi siku ya kazi. Nikamwambia mambo ya uwakilishi ni mazito. Akacheka kwa pua.

Alhamisi, 7 Machi

Siku ya maandalizi. Hotuba ya pili imekosa karatasi, nimeiandika nyuma ya daftari la oda, lile ninaloandikia nyimbo ambazo wateja wanataka niwajazie. Hotuba kali! Nimewaita wanaojaza nyimbo "kupe wa jasho la msanii". Niliposoma kwa sauti machozi yalinilengalenga, nikawachukia kweli watu hao. Akaja mteja nikamjazia nyimbo arobaini.

Mavazi: asubuhi koti jeusi, mfanyabiashara. Mchana navua koti, ndani kuna shati la maua, msanii. Na kofia.

Mke wangu alizisoma hotuba zote mbili, akiwa na pini mdomoni. Akazitoa pini ili acheke vizuri. Kisha akasema, "Baba wa hotuba mapacha, na kaka yangu atakuwepo mle ndani."

Nikamwambia ndiyo uzuri wake. Ataona familia inamtetea. Asubuhi itakuwa inampinga kidogo, lakini mchana itamtetea.

Ijumaa, 8 Machi

Nitaeleza kwa utaratibu.

Ukumbi ulijaa. Mbele kamati ya watu watano, mwenyekiti wao mama mmoja hakimu mstaafu, miwani yake imefungwa kamba shingoni. Anapoivaa anaona karatasi. Anapoivua anakuona wewe.

Mwalimu wa sekondari alisema flashi yake ina mitihani tu, kwa nini amlipie mwimbaji? Watu wakapiga makofi. Mpiga zeze akasema mwalimu ana haki, lakini yeye wimbo wake anausikia kwenye kila basi, na nauli ya basi hilo analipa kama abiria mwingine. Watu wakapiga makofi zaidi. Nilipiga pande zote mbili, kwa mazoezi.

Nikaitwa. Koti jeusi. Nikasema kwa sauti nzito kwamba katika miaka kumi na tisa sijawahi kujaza hata wimbo mmoja. Memori kadi ni picha za harusi. Wenye maduka walishangilia, wakijua fika kwamba nadanganya. Skrubu peke yake alikunja mikono. Wivu!

Mchana nikavua koti chooni, nikavaa kofia. Katibu akaniita kama mtunzi wa "Moyo Wangu Pasi ya Mkaa". Nikasoma. Kupe! Jasho! Nikaeleza jinsi wanavyofanya, folda moja kila mtunzi, jinsi wanavyoongeza nyimbo tano za bure ili mteja arudi, jinsi wanavyofuta jina la msanii nafasi ikiwa ndogo. Mama mmoja akapenga kamasi.

Mwenyekiti akavua miwani.

Akasema ushahidi huu ni wa kina kuliko wote, akauliza nimeujuaje. Kabla sijajibu, Skrubu akasimama. Akaomba radhi kwa kamati. Akasema yeye ni mtu wa skrubu na bodi za simu, haelewi siasa, anataka kujua tu: asubuhi jirani yake alisema jambo moja, mchana anasema jingine, wao kule koridoni wamwamini yupi, wa koti au wa maua?

Ukumbi ulilipuka. Watu walicheka hadi askari wa mlangoni akaingia kuuliza kuna nini. Nikasema, "Mheshimiwa, mimi nina maoni mengi." Hilo nalo wakalicheka.

Mwenyekiti hakucheka. Akauliza mkononi nina daftari gani. Nikasema la hotuba. Akauliza upande wa mbele lina nini. Nimesimama mbele ya mahakimu wawili maishani, huyu na mke wangu, na wote wawili hawadanganyiki. Nikasema oda. Akasema, "Tusomee."

Nikasoma. Dereva wa lori, anataka "Ngazi ya Pili". Dada wa saluni, "ile ya jamaa anapanda ngazi". Muuguzi wa wodi ya wazazi, "Ngazi", mara mbili, moja ya rafiki yake. Mzee wa duka la vioo, "ile ya ngazi ila isikatike mwishoni kama mara ya kwanza". Fundi bomba, ngazi. Bibi harusi, ngazi. Ukurasa baada ya ukurasa. Kumbe sijawahi kulisoma daftari lile mfululizo. Kila siku, mwaka mzima, watu wanataka wimbo uleule, na wimbo ule ni wa shemeji.

Nilisikia kiti kinasogea. Shemeji amesimama safu ya nne. Nikajua leo napigwa mbele ya kamati.

"Shemeji," akasema. "Wanauulizia? Mpaka leo?"

Nikasema ndiyo.

"Muuguzi pia?"

Nikasema muuguzi mara mbili.

Akaketi. Akafunika uso kwa viganja. Mabega yakawa yanatikisika, na mke wangu, ambaye sikujua kabisa kama amekuja, alikuwa pembeni yake anamshika mgongo. Kisha mtu nyuma akaanza kuuimba taratibu. Kiitikio kikachukuliwa na safu nzima. Mwalimu wa mitihani alikuwa anajua maneno yote! Mwenyekiti aliacha ubeti mmoja upite, ndipo akagonga meza.

Akasema daftari langu limeieleza kamati zaidi ya hotuba zangu. Akaniomba niketi, popote ninapoona ni upande wangu.

Nilikaa kwenye ngazi za mlangoni.

Jumamosi, 9 Machi

Nilijiandaa kwa vita. Badala yake shemeji alikuja mapema na maembe, akaomba lile daftari, akalisoma kwenye kochi kama mtu anayesoma barua kutoka nyumbani. Alicheka hasa kwa yule mzee wa vioo. Wimbo umekatika! Akasema ana nakala nzuri isiyokatika, angeileta mwenyewe kama ningemwambia. Sikuwahi kumwambia. Nikammenyea embe.

Ghalani amewajibu: atahesabu mifuko Jumatatu hadi Alhamisi, wakitaka. Wametaka. Siku tatu zinazobaki ni za gitaa. Mpiga besi amepigiwa simu, mpiga ngoma yuko njiani na mke wake amekasirika.

Mke wangu akatoa hukumu bila kusubiri kamati. Ameshona kifuko cha kitambaa cha buluu, kitaning'inia dukani. Kila memori kadi itakayowekwa wimbo wa kaka yake, kuna sehemu inaingia kifukoni. Nyimbo za watu wengine nisiguse mpaka nipate ruhusa zao. Nikauliza kwa heshima hiyo ni tozo? Akasema ndiyo, na hakuna kikao cha maoni.

Tulikula sote watatu. Shemeji akapiga gitaa hadi majirani wakafungua madirisha, na mimi nikaitikia sauti ya tatu. Hakuna aliyenizuia. Siku njema sana, nikisema ukweli.

Jumanne, 12 Machi

Koridoni wamenivua usemaji. Kura zote. Hata mpiga picha, na safari hii alijua anapigia nini. Skrubu ndiye msemaji mpya. Alikuja dukani, nikadhani amekuja kunicheka, kumbe anataka "Ngazi ya Pili" isiyokatika. Akaweka sehemu yake kifukoni bila kuambiwa, akanisalimia kwa mkono mtupu.

Wateja wameongezeka. Wanataka nakala kutoka kwa mwenyewe, na Ijumaa shemeji atakaa hapa na gitaa awajazie yeye. Nimemwambia kila mtu kwamba nilipanga hivi tangu mwanzo. Muuguzi pekee ndiye aliyeniamini, na alikuwa ametoka zamu ndefu.

Alhamisi, 14 Machi

Gazeti la leo. Kamati haijaamua kuhusu memori kadi, inaendelea kupima. Sawa. Lakini chini yake, kwa herufi ndogo ambazo wavivu hawazisomi: mwezi ujao kamati hiyohiyo inapokea maoni kuhusu tozo ya mashine za fotokopi, maana watu wananakili vitabu bila kuwalipa waandishi.

Nimeweka gazeti chini. Kisha nikapata joto la ghafla kifuani, lile la heri.

Mwenye duka la vifaa vya shule anauza fotokopi yake kuukuu. Nimeshaongea naye, ataileta kesho. Na kitabu nimekianza leo saa tano, kinaitwa *Uaminifu Katika Biashara*, nimefika ukurasa wa pili. Mke wangu ameuliza naandika nini. Nimesema barua.

Nimejiandikisha kusema, kwa waandishi na kwa wenye mashine. Ila safari hii nimetumia akili. Nimeomba siku mbili tofauti.