Paa la Mzee Mabula

Jumatatu, 4 Agosti 1958
Nimekataliwa tena. Na dada yangu Limi, ndani ya nyumba ya baba yetu, nimekalia kigoda cha baba yetu! Nilimweleza taratibu. Msonge huu umezeeka. Kiwanja kiko njia panda ya Ngokolo. Hapa pangesimama duka la matofali, milango miwili, bati ishirini na nne. Hesabu hiyo niliipiga nikiwa shimoni, mgodini Geita, nilikotoka na baiskeli na kifua kibovu, na hakuna aliyenibeba. Limi akaendelea kuchambua choroko. Akasema siku tukijitawala watoto wa shule wataletwa kuitazama nyumba hii. Watazame nini? Masizi?

Jumanne, 5 Agosti
Chanzo ni chama cha kudai kujitawala. Kimekatazwa wilayani kwetu, basi wanachama wanakutania kwa Limi, na wakiulizwa wanasema wao ni kikundi cha kulima. Mkubwa wao ni Bartholomeo, fundi cherehani. Nikiri hapa, kwa kuwa hakuna anayesoma: nyumba inawafaa. Nguzo za mninga, baba alizikokota kwa ng'ombe kutoka msituni, na mchwa wamezishindwa mpaka leo. Watu arobaini wanaenea na sauti haitoki nje. Duka langu litachukua watu kumi na wawili. Lakini lina bati!

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepata! Limi kaenda Nyahanga, binti yake kajifungua. Sibomoi kitu mimi. Naezua tu. Nyumba isiyo na paa, mvua ya Oktoba itaimaliza, na lawama ni za mvua. Nikamwendea Bartholomeo, nikamwomba kikundi chake kije kuezua nyumba ya baba. Kikundi hakilipwi, kinalishwa. Mbuzi wawili! Nikakubali. Bartholomeo akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga. Akasema kumbe walikuwa wakinisema vibaya bure. Mjinga.

Jumamosi, 9 Agosti
Walikuja wakiimba. Kabla jua halijawa kali, paa lote liko chini. Nilifurahi mpaka nikala maini peke yangu. Mara wanawake hao, mafungu ya nyasi kichwani, msururu mpaka barabarani! Nikauliza nyasi za nini. Bartholomeo akacheka. "We Makoye, mgodi umekusahaulisha kwenu? Nyumba ya marehemu hailali uchi. Kikundi kikishapanda, hakishuki mpaka kimeezeka."

Nilisahau! Geita tulilala kwenye mabanda ya kampuni.

Nilizunguka chini nikitafuta kasoro. Sikuiona. Tabaka juu ya tabaka, ukingo umekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi. Nilitamani baba aone. Moshi wa mbuzi ukaniingia machoni.

Akaja askari kuuliza mkusanyiko huu ni wa nini. Akaona nyasi, akaona ngazi, akapewa paja, akaenda zake. Hapo Bartholomeo akapanda ngazi, akahutubia juu ya kujitawala mpaka vivuli vikarefuka. Mchana kweupe! Mkutano mkubwa kuliko yote ya Ngokolo, na mwenyeji wake ni mimi.

Jumanne, 12 Agosti
Limi karudi. Aliizunguka nyumba akiipapasa kama ndama. Kisha akaniita mwana wa Mabula, jina ambalo hajaniita tangu mazishi. Akasema nchi ikiwa yetu, nyumba hii itahifadhiwa hivihivi, kigoda, nguzo na yote, na wageni wataambiwa ni nani aliyeiezeka. Nikaapa mbele yake na mbele ya Bartholomeo kwamba hakuna mkono utakaoigusa. Niliapa kwa moyo wote. Kweli ni nyumba nzuri. Hakuna nyingine kama hii Shinyanga nzima.

Jumatano, 13 Agosti
Hao wageni watakuja na kiu! Chai. Maandazi. Watoto wa shule, darasa baada ya darasa! Kinachotakiwa ni dirisha la kuuzia tu, upande wa barabara. Tundu dogo ukutani, basi. Na Limi anarudi Nyahanga kesho kumwogesha mjukuu.

Nimemwendea Bartholomeo, nikamwambia kikundi kije Jumamosi na sururu. Hakuuliza kitu. Akanishika mkono kwa mikono miwili, machozi yakimlengalenga.

Mjinga.