Ombi la Kufutwa Jina Langu Katika Shughuli Zote za Mtaa

Flati Nambari 14, Ghorofa ya Tatu,
Woolwich, London.
Jumanne, 3 Februari.

Kwa Ndugu Elkana,
Mhariri, Jarida la Jirani.

Ndugu Mhariri,

KUH: KUFUTWA JINA LANGU, NA IKIWEZEKANA KUFUTWA SHUGHULI ZENYEWE

Natumaini barua hii itakukuta salama baada ya zamu zako za hospitali, na koo lako la kwaya likiwa zima. Mimi si mzima. Nimechoshwa na watu wema, kosa ambalo nikilipeleka polisi sijui wataliandika vipi.

Kwa wasomaji wako wasionifahamu, mimi ni Muhiddin, mzaliwa wa Mombasa, dereva wa basi mstaafu, mkazi wa mtaa huu kwa miaka kumi na tisa. Kwa muda wote huo nilifanikiwa kutojulikana. Aliyejulikana alikuwa mke wangu, marehemu Thureya. Mimi nilikuwa mume wa Thureya, na cheo hicho kilinitosha.

Sasa toleo lenu la mwezi huu lina ukurasa mzima wenye kichwa "Shughuli Zijazo". Nimeusoma chai ikiwa mkononi, na chai ikapoa mkononi. Jina langu limo mara saba. Jumamosi naokota taka sokoni. Jumapili mimi ndiye hakimu wa pilau kwenye Siku ya Vyakula, ambako najua fika nitapoteza marafiki. Jumatano napuliza firimbi kwenye maandamano. Alhamisi tarehe 12 nahutubia kamati ya mipango ya kaunsili, yaani halmashauri ya hapa, kuhusu ukumbi wetu wa mtaa. Goti langu halikushauriwa. Kwa heshima zote, nayaleta malalamiko yangu kama ifuatavyo:

1. Chanzo cha yote ni Bhavini, katibu wa Chama cha Wakazi. Kila Ijumaa huweka meza yake kwenye lango la soko, na karatasi ya majina, na kalamu iliyofungwa kwa uzi isiibwe. Ni binti mwenye adabu. Baba yake alizaliwa Makupa, kwetu Mombasa, kwa hiyo Kiswahili anakisikia vizuri, ingawa kwenye kujibu huchanganya na cha hapa. Oktoba aliniuliza kama nitakuja kusafisha mtaa. Nikamjibu kama nilivyolelewa: "Nitakuja, inshallah."

Ndugu Mhariri, wewe ni mtu wa Kisii, lakini umeishi na sisi vya kutosha. Unajua kwamba mtu wa kwetu hamwambii mwenzake "siji" uso kwa uso. Anasema inshallah kwa sauti ya taratibu, anaangalia pembeni, na aliyemwalika anaelewa kwamba asimpikie. Mungu anisamehe kwa kulifanya jina lake mwavuli wangu. Lakini Bhavini hakuangalia nilikoangalia. Aliandika jina langu, akaweka tiki.

Thureya hakuwa hivyo. Yeye akisema inshallah, ukigeuka unamkuta ameshavaa buibui na anakuuliza funguo ziko wapi. Sikuwahi kumuiga. Palipohitajika mmoja wetu alikwenda yeye, na mimi nilipeleka salamu zangu kupitia kwake.

2. Jumamosi ya usafi huo, saa tatu asubuhi, Bhavini alinipigia simu. "Anko, tuko hapa sote, we're waiting for you. Uko wapi?" Nilikuwa kitandani. Nikamwambia niko njiani. Hili nalo nililelewa nalo. Ubaya wa kumwambia uko njiani mtu anayekuamini ni kwamba inabidi uwe njiani. Nilishuka ngazi na koti juu ya kikoi, nikavishwa kizibao cha manjano cha saizi ya mtoto wa shule, nikapewa kijiti, nikaokota taka mpaka adhuhuri. Mkanipiga picha. Mkaichapa ukurasa wa kwanza na maneno haya: "Mwanaharakati Muhiddin atoka na vazi la asili kutetea mtaa." Lile halikuwa vazi la asili. Lilikuwa vazi la kulalia.

3. Picha hiyohiyo. Binti yangu Nasim, anayeishi Croydon, aliirusha kwenye kundi la WhatsApp la familia, na sasa Mombasa nzima inaamini nina cheo. Mpwa wangu ameniomba nizungumze na serikali kuhusu viza yake. Shangazi yangu amesema alijua tangu nikiwa mdogo, jambo ambalo kama alilijua alilificha vizuri sana. Nimejaribu kukanusha. Nakiri sijajaribu kwa nguvu.

4. Mkutano wa Desemba wa Chama, ukumbini. Nilihudhuria kwa sababu ya sambusa za mama yake Bhavini, na sioni haya kulisema. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuingia ukumbini humo kwa muda mrefu. Sababu nitaieleza nikiifikia. Mtu akizungumza, mimi hutikisa kichwa na kusema "naam, naam", ili ajue sijalala. Nilipomaliza sambusa ya nne niligundua naam zangu zote zimeandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano. Nilikuwa nimependekezwa, nimeungwa mkono na Griffins, yule fundi bomba wa ghorofa ya kwanza, na nimekubali kwa moyo mkunjufu kuwa Mwenyekiti wa Kamati Ndogo ya Viti. Kamati hiyo ina mjumbe mmoja. Viti ni tisini, na sita vilikuwa vinacheza miguu. Usiniulize nimejuaje.

5. Nimejulikana. Zamani nikienda kununua kotmiri sokoni nilitumia dakika nne. Sasa ni arubaini. Muuza samaki ananiuliza hali ya goti, na nikimwambia ni nzuri anadai nimwambie ukweli. Juzi dereva wa basi aliniona nakuja mbio zangu zile zisizofika, akanisubiri mlango ukiwa wazi. Ndugu Mhariri, nilipokuwa dereva mimi sikumsubiri mtu. Nilikaa kwenye kiti cha abiria nikiwakumbuka wote niliowaacha kwenye mvua kwa miaka kumi na sita. Mstaafu hastahili kufanyiwa hivyo.

6. Ukumbi wenyewe. Mwenye jengo anataka kuubomoa ajenge flati. Kamati itawasikiliza wakazi hiyo Alhamisi, kila msemaji dakika tatu, kisha itaamua. Jina langu mmeliweka la kwanza. Napinga. Mimi ndiye mtu wa mwisho wa kuutetea ukumbi ule, maana kwa haja yangu mwenyewe nimeutumia mara moja tu.

Thureya alifariki Januari, miaka minne iliyopita. Flati yangu inaingia watu sita, wawili kati yao wakiwa wamesimama. Siku ya kwanza walikuja watu tisini. Walijipanga kwenye ngazi kutoka mlangoni kwangu mpaka barabarani, kwenye baridi ile, wengine na watoto mgongoni. Nilisimama mlangoni sijui nimwambie nani aingie na nani abaki nje. Ndipo mtu mmoja, na mpaka leo sijui ni nani, alipokwenda kuufungua ukumbi. Griffins alipanga viti bila kuambiwa. Kwaya yako, Ndugu Mhariri, ilivua viatu mlangoni ikakaa nyuma kimya wakati tunasoma hitima, na nilikuwa sijawahi kuwaona ninyi mkinyamaza. Mama yake Bhavini alipika siku tatu mfululizo. Kwa siku tatu nilikuwa na mahali pa kukaa na kulia bila jirani wa chini kunigongea dari.

Ilinipasa nishukuru. Sikushukuru. Kila nilipotaka kuanza nilisema kesho, kisha wiki zikapita, kisha ikawa aibu. Tangu siku ile mpaka Desemba nilikuwa nikipita upande wa pili wa barabara ili nisiuone mlango ule. Kwa hiyo, kwa hesabu iliyo wazi, ukumbi ukibomolewa mimi nitapata nafuu kubwa. Sitakuwa na mlango wa kuukwepa, wala mahali pa kuwakuta mkiwa pamoja ninyi nyote ninaopaswa kuwashukuru. Mtu wa hoja kama hii mnampeleka mbele ya kamati kusema nini?

Kutokana na hayo, naomba jina langu lifutwe mara zote saba. Naomba pia meza ya Bhavini isogezwe mbali na lango la soko, walau mpaka pale ambapo mtu anaweza kujifanya hakuiona. Kama haiwezekani, basi karatasi yake iongezwe safu: wanaokuja, wasiokuja, na waliosema inshallah huku wakiangalia pembeni. Na kama hilo nalo ni gumu, naomba shughuli zote ziahirishwe mpaka siku nitakayokuwa na nafasi. Nakutahadharisha kwamba siku hiyo iko mbali, kwa sababu siku zangu zote mmezijaza ninyi.

Nisalimie kwaya yote, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Nisalimie Griffins, na mwambie skrubu zake nilizoazima kwa ajili ya viti nitamrudishia. Msalimie mama yake Bhavini na mikono yake. Msalimie muuza samaki, mwambie goti ni zuri. Nisalimie pia huyo aliyefungua ukumbi, ukimjua.

Ni mimi, nisiye mwanaharakati,

Muhiddin
Mwenyekiti, Kamati Ndogo ya Viti

Tanbihi: Barua hii nimeiandikia ukumbini. Nilikuja kukaza vile viti sita, na meza iliyo karibu na hita ilikuwa tupu. Bhavini amenikuta hapa, akaisoma begani kwangu bila ruhusa, akiyafuata maneno kwa kidole. Alipofika mwisho wa lalamiko la sita alikirudisha kidole mwanzo wake, akalisoma tena, kisha akasema, "Anko, that's it. Hizo ndizo dakika tatu zako." Nimempa alinakili aende kulipiga chapa kwa Kiingereza, kwa hiyo tafadhali usiichapishe barua hii kabla ya Alhamisi. Akaniuliza sasa jina langu alifute au aliache. Nikamwambia nitakuja, inshallah. Akashusha kalamu, akanikazia macho, akataka kujua ni inshallah ipi.

Nikamwambia ni ile ya Thureya.