Kompyuta ya Kulinda Barua za Mtaa

Mheshimiwa mgeni rasmi uliyetuma udhuru; mwakilishi wako ambaye bado yuko njiani; wazee wenye viti, vijana wenye majembe, akina mama wenye watoto mgongoni, na ninyi wengine mliosimama juani: mimi Bayingana, Mwenyekiti wa Kamati ya Barua Salama ya mtaa huu, nawasalimu kwa niaba yangu mwenyewe. (Makofi ya watu wawili.)

Baada ya umuganda huu, kazi yetu ya pamoja ya kufyeka nyasi, niruhusuni niwasilishe stratejia yetu ya kuchagua programu ya baruapepe itakayokaa ndani ya kompyuta ya ofisi, hii iliyofunikwa pazia hapa mbele yangu, kwani hadi leo barua zenu, zikiwemo za kuwaombea watoto nafasi ya chekechea, zinaingia kwenye simu yangu, na simu, ndugu wananchi, si taasisi. (Sauti: "Na watoto wanaanza Jumatatu!")

Nafika huko. Kamati ilikwenda semina Rubavu, kando ya ziwa, ikalinganisha programu tatu kwa vigezo vya kimataifa: moja huweka bakapu, yaani nakala ya akiba, ya kila barua, nyingine hukuuliza mara mbili kabla ya kufuta, na ya tatu ina rangi nzuri. Asilimia tisini na nane ya wajumbe, yaani mimi na dereva wangu Kenny, tulichagua rangi. (Kicheko.)

Wakati huohuo, kwa kuwa Kigali ni jiji safi nami sivumilii uchafu, nilifanya umuganda ndani ya simu: nikafagia barua zote, nikakuta zimejazana kwenye pipa la taka, na kwa vile pipa lililojaa ni aibu kwa kiongozi, nikalimwaga. ("Yooo!")

(Anasimama Joselyne, mtoto mgongoni: "Mzee, barua ya huyu Ihirwe wangu ilikuwa humo! Jumatatu naanza kazi Kibagabaga. Huyu nimwache na nani? Na wewe?")

Mama Ihirwe, hatukufuta. Tulihamishia barua katika hali ya kutoonekana.

("Basi uje umbebe katika hali hiyo! Mimi sikai chini. Jina ya mtoto wangu iandikwe sasa hivi, hapa, nikiona." Makofi mazito. Mtoto analia; Joselyne anambembeleza: "Hora, hora, nyamaza mama. Huyu mzee anamaliza.")

Namaliza. Kwa busara ya uongozi wangu, nimeridhia ombi hilo lipokelewe upya. Semeni nami: Barua salama! ("Ziko wapi?") Mtaa safi! ("Kupita kiasi!")

Mwisho kabisa, namshukuru Norman wa duka la Kabeza, aliyetuazima boksi hili la kompyuta kwa ajili ya picha. Namshukuru Kenny, aliyelifunika kwa pazia la sebuleni kwake. Na zaidi namshukuru Mama Ihirwe, ambaye ninavyosema hivi ameshalifunua na anaandika ombi lake juu yake, kwa mkono.

Mama, usiegemee sana hapo. Ndani hamna kitu.