Vita vya Parmenio na Injini Iliyonyweshwa Viche

Njooni, enyi wa mtoni na wa nchi kavu, enyi mjuao kuvuta kamba ya injini na enyi mjuao tu kukaa mkitazama wenzenu wakivuta! Nyamazisheni watoto, wekeni kando kidogo ugomvi wenu wa domino, maana ninataka kusimulia jambo kubwa lililotukia kwenye gati la Boca Guaramal siku ya sikukuu ya Bikira wa Karmeli, jambo ambalo wasiokuwepo hawaliamini na waliokuwepo hawachoki kulisema.

Alikuwako Parmenio Riascos, Mshika Usukani, Mwenye Viganja vya Grisi, bwana wa mtumbwi mmoja na injini moja ndogo ya mkia mrefu, yenye nguvu za farasi wachache na kelele za kikosi kizima. Mwaka baada ya mwaka sanamu ya Bikira ilikuwa ikiteremshwa mtoni na Libardo Angulo, Libardo wa Boti Ipasuayo Maji, ambaye aliifikisha mlangoni mwa bahari kabla waimbaji hawajamaliza ubeti wa pili, nao wamelowa mpaka vilemba. Ndipo Shangazi Fulvia, kiongozi wa waimbaji, dada wa babaye Parmenio na mlezi wake tangu akiwa mtoto mchanga, akasimama kanisani akanena kwamba mwaka huu Bikira atapanda chombo kiendacho mwendo wa wimbo. Shangazi alikuwa amezeeka. Pumzi zilikuwa zimeanza kumwishia, na huenda hii ingekuwa safari yake ya mwisho. Kila mtu aliyajua hayo, lakini Parmenio aliyajua kuliko wote, na hofu ya kumwaibisha ilimnyima usingizi.

Sasa sikilizeni jinsi balaa lilivyoingia. Katika mto ule kila kitu cha majimaji hukaa kwenye madumu ya sura moja: petroli, mafuta ya taa, na viche, ile pombe kali ya miwa ambayo Shangazi Fulvia huipika kwa mkono wake na kuilaza pamoja na mizizi na majani mpaka ikomae. Kinachoyatofautisha madumu ni kitambaa kifungwacho shingoni: chekundu ni petroli, cheupe ni viche. Sheria hiyo haijapata kutangazwa wala kuvunjwa. Lakini jioni ya kuamkia sikukuu, Nicolasa, mkewe Parmenio, kwa moyo safi wa ibada, alifungua vitambaa vyote akafunga riboni za kahawia na nyeupe, rangi za Bikira, kwenye makasia, kwenye mtumbwi, kwenye shingo ya mbwa, na naam, kwenye madumu. Na kwa kuwa gati zima lilikuwa likinuka viche, pua ya shujaa haikuweza kumletea habari za kuaminika. Akainua dumu, akamimina.

Bikira akaketishwa mtumbwini katikati ya maua. Waimbaji wakapanda na ngoma na manyanga. Maji yalikuwa yamejaa na sasa yameanza kupwa. Parmenio akavuta kamba, injini ikanguruma, ikapiga chafya, ikafa. Akavuta tena, akavuta na tena, mpaka shati likamganda mgongoni.

"Mwamshe taratibu, Parmenio!" akapaza sauti Libardo kutoka botini mwake. "Pengine anaota ndoto nzuri!"

"Funga mdomo wewe," Nicolasa akamjibu. "Leo huna kazi, kaa ule ndizi zako."

Wakati huo Shangazi Fulvia alikuwa amejimiminia kikombe ili alainishe koo. Akakileta mdomoni. Kikasimama chini ya pua.

"Parmenio."

"Naam, Shangazi."

"Tangu lini viche yangu ikanuka kama chini ya lori?"

Shujaa akafungua kifuniko cha tangi, akainama, akanusa. Kutoka gizani mle ikampanda harufu tamu ya miwa na bizari tamu.

"Shangazi, nisamehe. Injini imeinywa."

"Ile niliyoilaza kwa ajili ya leo?"

"Yote."

"Basi usiisumbue," akasema Libardo. "Mlevi huachwa alale."

Gati likaangua kicheko. Parmenio alitamani mto umfunike. Lakini akapanda juu ya benchi, spana mkononi, akahutubia umma:

"Enyi watu wa Guaramal! Kosa ni langu, wala simsukumii mke wangu wala riboni. Lakini Bikira simtoi! Hatakimbizwa tena mtoni kama mgonjwa anayepelekwa hospitali! Nipeni beseni, nipeni kitambaa kikavu, nipeni nafasi!"

"Nafasi tunakupa," akasema Libardo. "Maji ndiyo hayakupi. Mtumbwi ukikaa topeni, nakuja kumchukua Bikira."

Ndipo vita vikaanza. Parmenio akalitapisha tangi, na viche ikatiririka ndani ya beseni huku wapiga ngoma wakiitazama kwa majonzi makubwa.

"Tukiichuja kidogo tu..." akaanza mmoja wao.

"Iguse uone," akasema Shangazi Fulvia. "Wimbo unaofuata tutakuimbia wewe, ukiwa umelala chali."

Parmenio akafungua kikombe cha kabureta, akakimwaga, akakifuta. Akang'oa plagi, akaikausha kwa pindo la shati la sikukuu, akavuta kamba plagi ikiwa nje mpaka silinda ikatema mate yake yote. Akatia petroli kutoka dumu la waimbaji, lile walilodhani ni la viche. Akavuta. Kimya. Chini yao maji yalizidi kushuka, na tumbo la mtumbwi likagusa tope.

Akaifungua kabureta mara ya pili, akaiinua juani, na hapo akamwona adui uso kwa uso: kibanzi cha mzizi kutoka kwenye viche, kimejipenyeza ndani ya kile kitundu chembamba ipitapo petroli, kimekaa kama mwenye nyumba. Akajaribu kukichokoa kwa waya, ukawa mnene. Unywele wa brashi ukapinda. Parmenio akatazama huku na huku kama mtu aliyezingirwa.

Shangazi Fulvia akainuka polepole. Akaliendea joho la Bikira, ambalo hakuna mkono mwingine uruhusiwao kuligusa, akachomoa begani pini nyembamba ya fedha.

"Shangazi! Hiyo ni ya Bikira!"

"Na safari ni ya nani? Chukua. Ukiipinda nitakupinda wewe."

Pini ikaingia. Gati zima likanyoosha shingo, hata Libardo. Kibanzi kikatoka, kidogo kuliko ukope wa mtoto, Parmenio akakipuliza mtoni bila heshima yoyote. Akafunga alivyovifungua, akashika kamba, akavuta kwa nguvu zote alizolelewa nazo.

Moshi mweupe ukatoka, unanukia miwa. Injini ikakohoa, ikasita, kisha ikashika: peke, peke, peke, peke! Ngoma zikaupokea mdundo huo. Lakini mtumbwi haukusogea, tope lilikuwa limeushika. Nicolasa akaruka majini na gauni lake jipya. Kisha kishindo cha pili kikasikika, na huyo Libardo Angulo, tope mapajani, bega ubavuni mwa mtumbwi.

"Unatazama nini?" Libardo akamfokea Parmenio. "Isije ikasemwa Bikira alikwama mimi nimesimama. Sukumeni!"

Ukateleza. Na ijulikane basi, kutoka milimani mto unakozaliwa hadi baharini unakofia, kwamba siku hiyo injini iliyolewa ililevuka, na vizazi vya Guaramal vikiulizwa ni nini kilichopata kutendeka kwenye gati lao, vitasema hicho kabla ya kutaja vita vyovyote vya serikali yoyote.

Shangazi Fulvia akaimba. Aliimba bila kukimbizwa, akipumua mwishoni mwa kila mstari, ubeti wa pili, wa tatu, hata ule ubeti wa mwisho ambao vijana walikuwa hawajapata kuusikia. Alipomaliza, Parmenio alikuwa akilia waziwazi, mkono kwenye usukani.

"Mwanangu," akamwita, macho amefumba, "mto umekwisha?"

"Bado, Shangazi. Umebaki mwingi."

"Basi tuanze tena."